Jeannette Rankin: Mwanamama aliyepinga vita mbili bungeni

ILIKUWA Jumatatu, Desemba 8, 1941, siku moja tu baada ya ndege za Japani kushambulia kambi ya wanamaji wa Marekani ya Pearl Harbor, visiwani Hawaii. Mjini Washington, Baraza la Wawakilishi lilikutana kupitisha azimio la kutangaza vita dhidi ya Japani. Majina yaliitwa moja baada ya jingine, na wajumbe wakaitikia kwa kukubali. Kura za ndiyo zilifika 388. Kura ya hapana ilikuwa moja, nayo ilipigwa na mwanamke wa miaka 61 kutoka jimbo la Montana, Jeannette Rankin.

Ukumbi ulimzomea. Kabla ya hapo alikuwa ameomba mara kadhaa kuzungumza, lakini Spika Sam Rayburn hakumpa nafasi. Wenzake walimsihi abadili kura yake ili taifa lionekane kuwa na kauli moja, akakataa. Alipotoka nje ya ukumbi alikuta watu wenye hasira wakimzonga, akalazimika kujificha ndani ya kibanda cha simu hadi askari wa Bunge walipofika na kumsindikiza ofisini kwake.

Waliokuwa wakimfahamu hawakushangaa. Miaka 24 kabla ya siku hiyo, katika ukumbi huo huo, mwanamama huyo alikuwa amekwisha kupiga kura ya aina hiyo, na ilikuwa imemgharimu kiti chake.

Rankin alizaliwa Juni 11, 1880, karibu na mji wa Missoula, wakati ambapo Montana ilikuwa bado haijawa jimbo kamili. Baba yake alikuwa seremala na mfugaji, na mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Alihitimu Chuo Kikuu cha Montana mwaka 1902 katika elimu ya viumbe, akafundisha kwa muda, akashona nguo, kisha akaenda New York kusomea kazi ya ustawi wa jamii. Aliifanya kazi hiyo kwa kipindi kifupi katika jimbo la Washington, lililoko pwani ya magharibi, mbali kabisa na jiji kuu lenye jina hilo. Huko aliwakuta wanawake wakidai haki ya kupiga kura, akajiunga nao, na mwaka 1910 wakashinda.

Ushindi huo aliurudisha nyumbani kama mbegu. Februari 1911 alisimama mbele ya Bunge la jimbo la Montana kuwatetea wanawake, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya kabla yake. Kwa miaka mitatu aliyoifuatia alizunguka katika vijiji vya wakulima na kambi za wachimba madini, akihutubia hata kwenye kona za barabara, na akaunda vikundi vya wanawake kila alikopita. Novemba 1914 wanaume wa Montana, ambao ndio pekee waliokuwa na kura, waliamua kuwapa wake na dada zao haki hiyo.

Mwaka 1916 aligombea ubunge wa taifa kwa tiketi ya Chama cha Republican. Kaka yake wa tumbo moja, Wellington, aliyekuwa mwanasheria, ndiye aliyeongoza kampeni na kutoa fedha. Montana ilikuwa na viti viwili vilivyogombewa na jimbo zima, hivyo kila mpiga kura alikuwa na kura mbili. Mwanaume aliyesitasita aliweza kumpa mwanaume mwenzake moja na kumpa Rankin ya pili. Alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Bunge la Marekani. Ikumbukwe kwamba katika majimbo mengi wakati huo wanawake walikuwa hawaruhusiwi kupiga kura. Marekebisho ya Katiba yaliyowapa haki hiyo nchi nzima yalikuja mwaka 1920.

Aliapishwa Aprili 2, 1917. Jioni ya siku hiyo hiyo, Rais Woodrow Wilson alifika bungeni kuomba vita itangazwe dhidi ya Ujerumani.

Hapo ndipo mzigo wake ulipoonekana. Carrie Chapman Catt, kiongozi wa chama kikubwa cha wanawake waliodai kura, alikuwa ameahidi kuiunga mkono serikali iwapo vita ingezuka, na wengi katika chama hicho waliogopa kwamba kura ya hapana ingetumiwa kama ushahidi kuwa wanawake hawafai kukabidhiwa mambo mazito. Wellington naye alimsihi apige kura ya ndiyo. Alfajiri ya Aprili 6, jina lake lilipoitwa mara ya kwanza, alikaa kimya. Lilipoitwa tena, alivunja desturi ya Baraza kwa kutoa maelezo mafupi, kisha akapinga.

Azimio lilipita kwa kura 373 dhidi ya 50. Wanaume 49 walipiga kura kama yake, lakini magazeti yalimwandama yeye. Mengine yaliandika kwamba alilia, ingawa waliokuwapo hawakukubaliana juu ya hilo, na kuna wanaume waliotokwa na machozi usiku ule bila kuulizwa kitu. Uonevu ulikuwa wazi: kura ya mwanaume ilihesabiwa kuwa ni ya kwake, ya Rankin ikahesabiwa kuwa ni ya wanawake wote.

Hata hivyo hakukaa kinyonge. Juni 1917 moto ulipoua wachimba madini 168 mjini Butte na mgomo ukafuatia, alijitosa upande wa wafanyakazi na kujijengea uadui na kampuni ya shaba ya Anaconda, iliyokuwa na nguvu kubwa Montana. Januari 10, 1918 ndiye aliyefungua mjadala wa marekebisho ya kura ya wanawake, na Baraza likayapitisha, ingawa Seneti ilikwamisha. Wakati huo Montana ilikuwa imegawanywa katika majimbo mawili ya uchaguzi, naye akajikuta katika eneo lenye wafuasi wengi wa Democratic. Aliamua kuwania Seneti mwaka 1918, akashindwa.

Miaka 20 iliyofuata aliitumia katika vyama vya kiraia. Mwaka 1919 alihudhuria mkutano wa wanawake wa amani mjini Zurich pamoja na Jane Addams. Alitetea sheria ya mwaka 1921 iliyotoa fedha za serikali kuu kwa afya ya wajawazito na watoto wachanga, ambayo mfano wake yeye mwenyewe aliupeleka bungeni mwaka 1918. Alinunua shamba Georgia, akaishi maisha ya kawaida mno, na mwaka 1928 akaanzisha chama cha amani cha jimbo hilo.

Mwaka 1940 Montana ilimrudisha bungeni, na mwaka uliofuata ikaja kura ile ya Desemba. Lazima isemwe kwamba kura hiyo ni ngumu kuitetea kuliko ya kwanza. Nchi yake ilikuwa imeshambuliwa, na hata watu waliompenda hawakumwelewa. Wellington alimjulisha kwamba Montana nzima ilikuwa kinyume naye. Mhariri mashuhuri wa Kansas, William Allen White, aliandika kwamba hakukubaliana naye hata kidogo, lakini alimvulia kofia kwa ujasiri wake. Siku tatu baadaye, ilipoletwa hoja ya vita dhidi ya Ujerumani na Italia, Rankin alijiandikisha kuwa yupo tu, bila kuunga mkono wala kupinga. Hakugombea tena mwaka 1942.

Baada ya hapo alisafiri mara kadhaa kwenda India, akivutiwa na mafundisho ya Mahatma Gandhi. Januari 15, 1968, akiwa na miaka 87, aliongoza maelfu ya wanawake katika maandamano mjini Washington kupinga vita ya Vietnam.

Alifariki dunia Mei 18, 1973 huko Carmel, California, akiwa na umri wa miaka 92. Hakuwahi kuolewa. Sehemu ya mali aliyoiacha ilitumika kuanzisha mfuko wa kuwasomesha wanawake watu wazima waliokosa elimu ya juu. Mwaka 1985 sanamu yake iliwekwa katika jengo la Bunge, kwa niaba ya Montana. Hadi uchaguzi wa mwaka 2024, jimbo hilo lilikuwa halijampeleka mwanamke mwingine yeyote katika Bunge hilo.