Shockley: Aliwaza vitundu vya chipu, watu wakamshinda

Ndani ya mashine zinazoendesha akili unde kuna chipu za kumbukumbu zilizopangwa moja juu ya nyingine kama orofa za ploti. Umeme hauzunguki nje. Unapanda na kushuka ndani kwa ndani, kupitia vitundu vyembamba kuliko unywele vilivyojazwa shaba. Njia ikiwa fupi, data inakimbia na umeme unaotumika unapungua.

Wazo la kutoboa silikoni hivyo ni la kitambo. Limo kwenye hataza aliyoiomba William Shockley mwaka wa 1958, akapewa 1962. Jamaa huyu alikuwa nani?

Alizaliwa London mwaka wa 1910, wazazi wake wakiwa Wamarekani, akalelewa Palo Alto, California. Alipata uzamifu wa fizikia MIT mwaka wa 1936, kisha akaajiriwa Bell Labs. Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain, waliokuwa kwenye kikosi chake, waliunda transista ya kwanza bila mkono wake. Roho ilimuuma. Akakesha na kalamu, na kufikia Januari 1948 alikuwa amebuni transista nyingine iliyo bora zaidi. Watatu hao walishinda Nobel mwaka wa 1956.

Wakati huo tayari alikuwa na maabara yake Mountain View, na amekusanya vijana wakali wa sayansi. Kumbe kama bosi alikuwa noma! Hakuamini mtu, hata akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kunasa uongo. Mwaka wa 1957, wanane walichoka, wakatoka na kuanzisha Fairchild Semiconductor. Wawili kati yao, Robert Noyce na Gordon Moore, ndio walioanzisha Intel mwaka wa 1968. Maabara ya Shockley haikuwahi kupata faida.

Hataza ya vitundu aliiomba mwaka mmoja baada ya vijana hao kumhama. Walioliendeleza wazo ni wengine, wakiwemo watafiti wa IBM walioomba hataza yao mwaka wa 1964.

Yeye alishika njia mbaya. Akiwa profesa Stanford, alianza kuhubiri kwamba watu weusi huzaliwa na akili pungufu, na kupendekeza wenye alama za chini katika mitihani ya akili walipwe ili wasizae. Jenetiki hakuwa ameisomea, na wanasayansi wenzake walimpinga. Hakubadilika. Alifariki Agosti 1989 akiwa na miaka 79, na inasemekana watoto wake walipata habari kupitia magazeti.

Leo vijana weusi wanasomea uhandisi wa chipu hizohizo, hapa kwetu na kwingineko. Chukua hesabu zake, ziko sawa. Maneno yake kuhusu akili yako yaache hapohapo. Na ukipata kikosi kizuri, kaa nacho vizuri.