Nansen, mutu wa theluji aliyerudisha watu kwao

Mara hii tunamukumbuka Fridtjof Nansen, aliyezaliwa mwaka 1861 karibu na Oslo, inchi ya Norwe. Kule, wakati wa baridi, theluji inafunika inchi kama vile inafunika kichwa cha Ruwenzori yetu. Tangu utoto alijizoeza ski, ni kusema vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji. Mwaka 1884 alivuka navyo milima iliyo kati ya Bergen na Oslo.

Mwaka 1888, yeye na wenzake 5 walikuwa wa kwanza kuvuka Greenland. Walianzia mashariki, meli iliyowaleta ilisha kwenda. Vijiji vya kuwapokea vilikuwa magharibi. Kurudi nyuma hakukuwa: ni kufika ao kufa. Walifika.

Lakini sisi tuliorudi tunamupendea kazi ingine. Kisha vita ya kwanza ya dunia, wafungwa wa vita walibaki wengi mbali na kwao. Kuanzia 1920, Ligi ya Mataifa ilimuweka awarudishe. Kufika 1922, zaidi ya 400,000 walikuwa wamerudi. Mwaka ule ule pasipoti ya Nansen ilianza, kwa wakimbizi wasio na inchi ya kuwapa karatasi. Akapewa Nobel ya Amani, na feza yake akaitoa kwa kusaidia watu. Alikufa 1930.

Nani kati yetu hajui uzito wa karatasi moja pale kwa bariere? Njo maana mchango wenu unaanzia kwa karatasi za wanaorudi.