Mpiga Kinanda Aliyerudi Shuleni

Walimu wetu wengi wa kwaya hutunga nyimbo za sauti nne, nasi twafurahi. Lakini wako wasemao ya kuwa kanuni za kupatanisha sauti huua kipaji, na ya kuwa mtunzi aweza kuhama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine kwa kufuata sikio lake tu. Hao twapenda kuwaeleza habari za Anton Bruckner.

Alizaliwa tarehe 4 Septemba 1824 katika kijiji cha Ansfelden, nchi ya Austria, mtoto wa mwalimu wa shule. Baba alipofariki mwaka 1837, mama yake alimpeleka katika monasteri ya Mtakatifu Florian awe mwimbaji. Baadaye akafundisha katika shule za vijijini, kisha akawa mpiga kinanda wa monasteri ile ile. Ilipofika mwaka 1855 alikuwa amekwisha kutunga Misa ya Wafu na Misa kubwa ya sherehe. Yeye hakuridhika. Alikwenda Vienna kwa mzee Simon Sechter, akaomba afundishwe tangu mwanzo. Hata alipopata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa kuu la Linz hakuacha. Masomo yaliendelea kwa barua, na mara kwa mara alisafiri kwenda kwa mwalimu wake.

Sechter alifundisha ya kuwa kila mpatano wa sauti una msingi wake, na ya kuwa mwendo wa asili wa msingi huo ni kushuka hatua tano, kama kutoka so kwenda do. Fa ikiongezwa juu ya mpatano wa so, sharti iandaliwe kwanza, kisha ishuke kwa mi. Hata mpatano wa fa ukifuatwa na ule wa so, aliona ya kuwa msingi wa re umejificha katikati. Mambo haya yaonekana madogo, lakini ndiyo yamwezeshayo mwimbaji wa besi kujua aendako.

Tena mzee huyo alimkataza kutunga chochote chake mwenyewe muda wote wa masomo. Bruckner alitii kwa miaka sita karibu yote. Safari moja alipeleka madaftari kumi na saba ya mazoezi, hata mwalimu mwenyewe akashtuka na kumsihi aitunze afya yake. Mwaka 1861 alifanya mtihani wa kinanda huko Vienna. Sechter alitoa sauti chache za kuanzia, Johann Herbeck akazirefusha ili kumtia mashakani. Bruckner akazijengea fuga papo hapo, na Herbeck akakiri ya kuwa mtahiniwa ndiye aliyestahili kuwatahini wao.

Je, kipaji kilikufa? Mwaka ule ule alitoa Ave Maria ya sauti saba. Mwaka 1869 alitunga Locus iste kwa ajili ya kikanisa cha kanisa kuu jipya la Linz. Wimbo huo waanza na kwisha katika ufunguo wa C, lakini katikati besi hunyamaza, na sauti tatu za juu huteremka nusu kwa nusu hata msikilizaji hajui tena do iko wapi. Kisha hurudishwa nyumbani kwa upole. Os justi ya mwaka 1879 ni kinyume chake: hakuna sauti hata moja iliyopandishwa wala kushushwa nusu, wala haipwayi. Sisi twaipenda hiyo kuliko zote.

Tangu mwaka 1868 alifundisha kanuni za Sechter huko Vienna. Dhiki hazikukosekana: mwaka 1877 alipoongoza mwenyewe simfonia yake ya tatu, watu waliinuka na kutoka, wakabaki wachache. Sifa zilikuja mwaka 1884, simfonia ya saba ilipopigwa Leipzig.

Simfonia ya tisa aliitolea kwa Mungu. Katika sehemu yake ya tatu upo mpatano wenye sauti zote saba za ngazi kwa mara moja, ukali mtupu, na yule mwanafunzi mtiifu hakuutatua. Aliuacha ukatike katika kimya. Sehemu ya nne hakuimaliza. Alifariki tarehe 11 Oktoba 1896, akazikwa kama alivyoagiza, chini ya kinanda cha Mtakatifu Florian.