Chemirocha, Mwimbaji wa Reli

Najua kurasa za maisha ya watu mashuhuri huwa ni za wanasiasa na wapigania uhuru, na wengi wenu huziruka mkaenda moja kwa moja kwenye vichekesho. Leo msiruke. Sitawaletea mwanasiasa. Nitawaletea mtu wa kwetu ambaye hakuzaliwa kwetu, hakufika kwetu, wala sidhani kama alipata kusikia kwamba kuna mahali panapoitwa Kericho. Huku tulimwita Chemirocha. Kwao aliitwa Jimmie Rodgers.

Jina hilo nyanya yangu alilijua kabla hajajua kusoma saa. Ukitaka kuelewa lilivyogeuka, mpe mzee wa Kipsigis ambaye hakwenda shule alitamke mbele yako. Herufi j hutushinda, inatoka ch. Basi Jimmie ikawa Chemi, na Rodgers ikawa Rocha. Na kwa vile majina ya wasichana wetu huanza na Che, kama Chebet na Chelangat, bwana mkubwa akaonekana kama dada ya mtu! Lakini tusicheke mapema.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji uliomlea ni Meridian, katika jimbo la Mississippi huko kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa msimamizi wa genge la kutengeneza reli. Mama yake alifariki Jimmie akiwa bado mtoto mdogo, akawa analelewa huku na huku kwa jamaa, leo kwa shangazi, kesho kwa baba. Mtoto wa namna hiyo hukomaa haraka au huharibika haraka. Yeye alifanya yote mawili. Akiwa na umri wa miaka kama 13 alishinda shindano la kuimba, kichwa kikafura, akatoroka nyumbani na kufuatana na watu waliozunguka mijini wakiuza dawa na kuimbia watu ili wanunue. Baba akamfuata, akamrudisha, akamtia katika kazi ya reli. Mwisho wa utoto.

Kazi yake ya kwanza pale relini ilikuwa kuwachotea maji wafanyakazi. Wengi wao walikuwa watu weusi, nao walikuwa na desturi ya kuimba wakati wa kupiga vyuma na kusogeza reli, ili mikono yote iende kwa pamoja. Huyu kijana mweupe mwenye ndoo akawa anasikiliza. Nyimbo za huzuni za watu weusi, zile ziitwazo bluzi, alizipata hapo, bila darasa wala mwalimu. Baadaye alipandishwa akawa mfunga breki. Ili mnielewe, huyo ni kama utingo wa lori, ila ni utingo wa treni: anaangalia breki, anaunganisha mabehewa, anapeperusha bendera. Jina la mfunga breki anayeimba lilimfuata mpaka kaburini.

Mwaka 1924, akiwa na miaka 27 hivi, alianza kutema damu. Daktari akasema ni kifua kikuu.

Hapa naomba nisimame kidogo. Mimi nilimjua Chemirocha kwa sababu ya kifua kikuu. Kaka yangu mkubwa, ambaye huchuma majani chai, alianza kukohoa mwaka jana wakati wa mvua. Sote tulidhani ni baridi ya alfajiri shambani. Akakonda mpaka mshipi ukahitaji tundu jipya, na mama akawa hafungi macho usiku. Alipopimwa ikajulikana. Akapewa dawa za miezi sita, bila malipo, anywe kila siku bila kuruka hata moja, naye akakaa nyumbani. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja na kurudi na kilo zake, sasa amelala kitandani anahesabu mabati! Ndipo akapata katika simu mkusanyiko wa nyimbo za Jimmie Rodgers. Si nyimbo tano au kumi. Ni zote alizorekodi, zaidi ya mia moja, zimepangwa kwa kufuata siku alizoingia studio kuanzia 1927 hadi 1933. Mkusanyiko wa namna hiyo ulitolewa Ujerumani mwaka 1992 kwa sahani sita, na siku hizi unaingia mfukoni.

Mimi nilikuwa nikitoka shule jioni, naketi kwenye kigoda mlangoni (dirisha wazi, daktari aliagiza hewa), tunasikiliza. Kwa hiyo nikisema kifua kikuu, jueni nakisema kwa kukisikia kikikohoa chumba cha pili.

Tofauti ya kaka yangu na Jimmie ni miaka tu. Mwaka 1924 dawa haikuwapo duniani. Daktari alikuwa akimwambia mgonjwa apumzike, ale vizuri, atafute hewa safi, basi. Dawa ya kwanza ya kuua vijidudu vya kifua kikuu iligunduliwa mwaka 1943. Hesabuni wenyewe itakapofika mwisho wa habari hii.

Kazi ya reli haikuwezekana tena kwa mapafu yale. Jimmie alikuwa na mke, Carrie, waliyeoana 1920, na binti mmoja, Anita. Binti wa pili alikuwa amekufa akiwa mtoto mchanga. Mtu mwingine angeketi akangoja siku yake. Yeye alipiga moyo konde akashika gita. Kusema kweli hakuwa bingwa wa gita. Hata mimi ninayejifunza kwa gita la kanisa naweza kufuata vidole vyake. Kitu alichokuwa nacho ni koo. Katikati ya wimbo, sauti yake inaruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa puani, inashuka, inaruka tena. Wazungu huita yodeli. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifikiria wachungaji wakiitana ng'ambo ya bonde wakati ukungu umefunika ng'ombe. Labda ndiyo sababu wazee wetu hawakuiona ngeni.

Bahati yake ilifika Agosti 1927, na ilikaribia kumponyoka. Bwana mmoja wa kampuni ya Victor, Ralph Peer, alikuja na mitambo yake mpaka Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, akitafuta waimbaji wa mashambani. Jimmie alikwenda na kikundi chake. Usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana juu ya jina la kikundi litakaloandikwa kwenye sahani. Jamani, jina! Wenzake wakamwacha, wakaamua kurekodi bila yeye. Kesho yake, tarehe 4 Agosti, akaingia peke yake na gita lake, akaimba nyimbo mbili, akalipwa dola 100. Ugomvi huo ndio uliomfanya awe mwimbaji wa pekee. Kwa sikio langu, nyimbo hizo mbili hazina moto. Zimepoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Sahani ikauzwa kidogo tu, na kampuni ikanyamaza. Angengoja kuitwa angengoja mpaka kufa. Novemba mwaka ule ule akaenda mwenyewe hadi New York, akachukua chumba hotelini bila kujua atalipa nini, akampigia simu Peer kumwarifu kwamba amefika na yu tayari kurekodi. Ujasiri huo au ni kukosa haya? Mimi nasema yote mawili. Peer akampeleka Camden, New Jersey, na tarehe 30 Novemba akaimba wimbo ulioitwa Blue Yodel. Huo ndio uliolipuka. Katika muda mfupi akawa mwimbaji wa mashambani aliyeuza sahani nyingi kuliko wote Marekani, akatengenezewa gita lenye jina lake shingoni na neno la shukrani mgongoni, ambalo alilipindua kuwaonyesha watu akimaliza kuimba. Mwaka 1929 akajenga nyumba kubwa Kerrville, Texas, kwa ajili ya hewa kavu ya kule. Aliichezea fedha vibaya, lazima niseme. Ilikuja kama mafuriko na ikaondoka hivyo hivyo, na nyumba yenyewe hakuimaliza miaka mingi kabla ya kuiuza.

Katika mkusanyiko ule kuna wimbo mmoja ambao kaka yangu aliurudia mpaka mama akalalamika. Ni wa tarehe 16 Julai 1930, uliorekodiwa huko California. Unaanza tu, unasikia tarumbeta. Si tarumbeta ya gwaride la shule. Hii inaongea, inamjibu Jimmie, inamchokoza, anaimba mstari nayo inamkatiza kama rafiki anayejua hadithi vizuri kuliko msimulizi. Nyuma yake kuna piano. Kumbe mpuliza tarumbeta ni Louis Armstrong, mwanajazi mkubwa kuliko wote wa wakati ule, na piano inapigwa na mkewe, Lil Hardin. Wakati huo Marekani, hasa upande aliotoka Jimmie, mtu mweusi na mtu mweupe hawakuketi kwenye behewa moja la treni, sembuse kuimba pamoja. Sahani ilipotoka, majina ya Armstrong na mkewe hayakuandikwa. Mnunuzi alisikia tarumbeta asijue ni ya nani. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Yule mtoto wa ndoo alijifunza kwa weusi, akatajirika, na bado weusi hawakuandikwa. Lakini siwezi kusema alikuwa mbaya, maana alisimama nao studio moja, na sauti zao zinafurahiana. Sikilizeni kisha mniambie.

Mwaka 1931 aliuimba ugonjwa wake wenyewe waziwazi, wimbo unaotaja kifua kikuu katika jina lake. Siku tulipoufikia kaka yangu aliuzima katikati. Hakusema neno, nami sikumuuliza. Baada ya wiki moja hivi aliuwasha mwenyewe akausikiliza hadi mwisho.

Kufikia 1933 uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka, watu hawana fedha ya mkate, seuze ya sahani. Jimmie alikuwa amedhoofika sana na alijua familia itabaki mikono mitupu. Akapanda meli kutoka Texas hadi New York akiwa na muuguzi. Tarehe 17 Mei akaanza kurekodi. Waliweka kitanda kidogo pale pale studio. Anaimba wimbo, anajilaza, anapata pumzi, anainuka, anaimba mwingine. Alipochoka kabisa alipumzika siku kadhaa, kisha tarehe 24 Mei akarudi akamaliza. Usiku wa kuamkia tarehe 26 akafa hotelini, akiwa na umri wa miaka 35. Kutoka siku ile dawa ilipogunduliwa, rudi nyuma miaka kumi tu.

Nilizisikiliza nyimbo za wiki ile mara tatu, nikitafuta mahali ugonjwa unaposikika. Sikupata. Kaka yangu, ambaye kifua chake kinajua, aliniambia anasikia mahali anapovuta pumzi mapema kabla ya kuruka juu. Mimi bado nasikia mwimbaji tu.

Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni. Mwaka 1961 alikuwa kati ya watu watatu wa kwanza kuwekwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri huko Marekani.

Sasa turudi nyumbani. Santuri zake zilifika huku milimani wakati wa ukoloni pamoja na gramafoni za Wazungu, na wazee wetu wakamsikia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kuzunguka bara hili na gari la mitambo akirekodi ngoma za watu, alifika Kapkatet. Pale aliwarekodi Wakipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Maarufu zaidi ni wimbo wa wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, kwa kinanda cha nyuzi, ule tunaouita chepkong'o. Tracey aliandika kwamba wasichana wale walimfikiria Chemirocha kuwa nusu mtu nusu paa, na wanamwita aje acheze. Sahani hizo zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha Kapkatet, wazee wakajisikia wakiimba walipokuwa vijana.

Nyanya yangu hakuwa miongoni mwa walioimba, alikuwa bado mtoto wa kuchunga ndama upande wa Bomet. Lakini Jumapili moja kaka yangu, ambaye alikuwa amebakiza vidonge vya wiki mbili, aliwasha ule wimbo wa wasichana nyanya akiwa jikoni anasafisha kibuyu cha mursik. Aliacha kazi. Akaanza kuitikia mahali panapoitikiwa, bila kukosea.

Ulipokwisha nilimweleza yote: reli, damu, kitanda cha studio. Nikamwambia Chemirocha alikufa 1933, kwa hiyo wasichana wa Kapkatet walipokuwa wakimwita aje acheze, alikuwa maiti kwa miaka 17. Nyanya alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama aliacha watoto. Nikasema aliacha binti. Akauliza nani aliyewatunza ng'ombe wake. Nikasema sidhani alikuwa na ng'ombe. Akatikisa kichwa kumhurumia, kuliko alivyomhurumia kwa lile la kifua, akamwambia kaka yangu aurudie wimbo. Simu ilikuwa imebakiza moto kidogo, lakini ukafika mwisho.