Habari za Askofu Edward Steere

Katika mwaka wa Kanisa kipo kipindi cha siku arobaini kiitwacho Kwaresima. Chaanza Jumatano ya Majivu, na kwisha usiku wa kuamkia Pasaka, wala Jumapili hazihesabiwi. Kila siku katika siku hizo limewekwa fungu la Maandiko Matakatifu. Wakristo hulisoma, au husomewa, kisha hukaa kimya na kulitafakari. Ndivyo ifanywavyo Magila, na Muheza, na Korogwe, na mjini Tanga. Mtoto akisikia habari za Bwana wetu nyikani, huzisikia kwa maneno yale yale ayatumiayo anapoomba maji au kumwita mdogo wake. Labda hudhani ya kuwa ilikuwa hivyo tangu zamani. Sivyo. Mwaka 1864 mtoto wa Tanga hangeweza kushika mkononi mwake Injili ya Kiswahili. Basi yafaa tujue habari za mtu mmoja aliyefanya kazi nyingi ili tuipate.

Edward Steere alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1828. Alikuwa mwenye bidii ya kusoma, akajifunza sheria hata akapata cheo cha Daktari wa Sheria mwaka 1850, angali kijana. Watu wengi wa elimu ile walipata mali na heshima mjini. Lakini Steere aliona moyoni mwake ya kuwa ameitwa kwa kazi nyingine. Aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1856, na baadaye kuwa padre, akapewa kutunza watu wa shamba na wavuvi katika nchi ya Lincolnshire, iliyo karibu na bahari. Watu wale hawakuwa na elimu kubwa. Hapo alijifunza jambo moja lililomfaa maisha yake yote, nalo ni kusema mambo makubwa kwa maneno madogo.

Rafiki yake, William Tozer, alipofanywa Askofu wa kupelekwa Afrika, Steere alikubali kufuatana naye, mkewe akabaki Uingereza. Wakaondoka mwaka 1863, wakaenda kwanza upande wa mto Zambezi. Huko walikuta njaa na homa, na wenzao wengi waliowatangulia walikuwa wamekwisha kufa. Ikawapasa kuiacha nchi ile. Wengine wangalirudi kwao. Wao walipanda merikebu, wakafika Unguja mwezi wa Agosti mwaka 1864.

Siku zile Unguja palikuwa na soko kubwa la watumwa. Watu waliletwa kutoka bara, wake kwa waume, na watoto wadogo, wakauzwa kama mbuzi. Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto wanaume watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Wakaja wengine baada yao, huyu Myao, huyu Mnyasa, huyu wa kabila jingine, kila mmoja na lugha yake. Walikuwa wamepoteza baba na mama na nchi yao, wala hawakuweza kusemezana ila kwa Kiswahili. Steere aliwatazama, akajua ya kuwa kama Neno la Mungu litawafikia watoto hawa, halina budi kupitia lugha hiyo.

Lakini lugha yenyewe hakuijua. Basi yeye aliyekuwa Daktari wa Sheria akakaa kama mtoto wa chuo. Wenyeji wa Unguja walimsimulia hadithi zao, naye akasikiliza na kuandika. Aliuliza jina la kila kitu, akauliza tena, akaandika tena. Zamani Waswahili waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Steere aliiandika kwa herufi hizi tuzitumiazo sasa. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, kwani Dokta Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuzuru Usambara mwaka 1848, alikuwa amekwisha kuandika habari za Kiswahili cha Mombasa. Steere alifuata Kiswahili cha Unguja. Akatia mtambo wa kupigia chapa, na vijana waliokuwa watumwa wakajifunza kupanga herufi za risasi, moja moja, mpaka ukurasa ukajaa.

Nchi zetu hizi za Tanga nazo hakuzisahau. Mwaka 1867 kilipigwa chapa Unguja kitabu chake kidogo cha lugha ya Kisambaa, na mwaka huo huo Padre Alington alikwenda Vuga kumwomba mfalme wa Wasambaa ruhusa ya kukaa katika nchi yake. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi ya Magila, katika nchi ya Wabondei.

Sasa sikilizeni habari za Zaburi. Mwanachuoni mmoja wa Unguja, Shehe Abdul Aziz, alijitolea kwa hiari yake kumfasiria Steere Zaburi, kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Ulikuwa wema mkubwa, maana yeye alikuwa Mwislamu, wala kazi ile haikumpasa. Steere alishukuru. Lakini Shehe alikuwa na shughuli nyingi, kazi ikaenda polepole. Na tena Kiswahili chake kilikuwa cha elimu nyingi mno. Wenye kusoma wangalikisifu, lakini watoto waliotoka sokoni wasingalikielewa. Ikampasa Steere kuchagua, nao haukuwa uchaguzi mwepesi. Je, achukue maneno mazuri yatakayosifiwa na wachache, au atafute maneno mepesi yatakayoingia katika moyo wa mtoto? Akachagua maneno mepesi, ingawa aliongeza kwayo kazi yake mwenyewe kwa miaka mingi.

Wala haikumlazimu kuunda maneno mapya kila mahali. Watu wa pwani walikuwa nayo tayari maneno kama sala, toba, dhambi, rehema, na kufunga. Kila mtoto wa pwani, hata asiyejua kusoma, alijua maana ya kufunga, kwani aliwaona majirani zake wakifunga mwezi wa Ramadhani. Basi alipoambiwa ya kuwa Bwana wetu alifunga siku arobaini nyikani, kisha akaona njaa, alifahamu mara moja.

Injili ya Mateo ilitolewa mwaka 1869, Steere alipokuwa amerudi Uingereza kwa muda. Mwaka uliofuata, 1870, alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili, na kitabu cha hadithi zile alizosimuliwa Unguja. Alirudi tena mwaka 1872. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifanya mapatano na Waingereza, soko la watumwa likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kubwa mahali pale pale. Steere mwenyewe alisimamia ujenzi wake, na paa lake lilifanyizwa kwa saruji na mawe ya matumbawe. Siku ya Krismasi mwaka 1879 watu walisali ndani yake. Palipokuwa na kilio cha wenye kuuzwa, pakasomwa Injili kwa Kiswahili.

Mwaka 1874 alifanywa Askofu. Mwaka 1875 alimweka Padre Farler kuitunza kazi ya Magila. Mwaka 1876 alikwenda bara ya kusini pamoja na watu walioachwa huru, nao wakafanya mji wao Masasi. Mwaka 1879 alimwekea mikono John Swedi kuwa shemasi. Yeye alikuwa mmoja wa wale watoto watano wa jahazi. Mtoto aliyekuwa bidhaa sasa alisimama mbele ya watu na kuwasomea Injili, nao wakamsikiliza.

Katika safari hizo zote Steere hakuiacha kazi ya kufasiri. Alifanya leo mistari kadha, na kesho mistari kadha, akasahihisha, akaendelea. Alikufa Unguja mwezi wa Agosti mwaka 1882, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa katika kanisa lile alilolijenga, nyuma ya altare. Agano Jipya lilikuwa tayari, lakini sehemu nyingi za Agano la Kale zilikuwa bado. Wenzake waliendelea, na Biblia nzima ilitoka mwaka 1891. Yeye hakuiona. Hata mwaka 1928 wajuzi walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili kitakachofundishwa katika nchi zote hizi, walichagua kile cha Unguja, ambacho Steere alikuwa amekiandika kwa subira.

Ninyi mnaosoma habari hizi, angalieni mambo mawili. La kwanza, mtu huyu mwenye elimu hakuona haya kufundishwa na wasimulizi na watoto. Kwaresima ni wakati wa kujishusha, nasi hatuwezi kulitafakari Neno kama tunadhani ya kuwa tumekwisha kulijua. La pili, kazi yake kubwa ilifanywa kwa mafungu madogo, siku kwa siku. Basi, linapokuja fungu la leo, usilikimbilie ili umalize. Lisome polepole. Neno usilolifahamu, uliza, kama yeye alivyouliza. Kisha chagua jambo moja dogo la kutenda kabla ya jua kuchwa, kama kumsamehe mwenzako, au kumgawia mwenye njaa, au kusema kweli uliyoificha. Maneno mepesi yalitafutwa kwa taabu nyingi ili yakufikie wewe. Haba na haba hujaza kibaba, na siku arobaini ni nyingi.