Daktari wa Mawe: John Williamson na Miaka Saba Kabla ya Mwadui



Swali ninaloulizwa sana na vijana wa huku kwetu, Shinyanga na Geita, ni hili: kuna faida gani kusoma sayansi mpaka shahada ya uzamili au hata uzamivu, wakati jirani aliyeishia darasa la saba aliingia kwenye duara, akapata mawe mazuri, na leo ana nyumba na bodaboda tatu barabarani? Wengi wanaouliza tayari wana shahada ya kwanza. Bumu limekwisha, ajira hakuna, na mzazi nyumbani anataka kujua hii shule inaisha lini. Mimi nimesoma falsafa, kwa hiyo kwenye mambo ya ajira sina cha kujivunia hata kidogo. Lakini kuna mtu mmoja ambaye jina lake kila mtu wa Shinyanga analijua, na wachache wanajua kwamba kabla ya kuwa tajiri alikuwa mwanafunzi wa muda mrefu sana.

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria. Kisha likizo moja akaenda Labrador na kikundi cha watafiti wa miamba, na aliporudi sheria ikawa imemtoka moyoni. Akahamia jiolojia, akamaliza shahada ya kwanza, akaongeza ya pili, na mwaka 1933 akapata uzamivu akiwa na umri wa miaka 26.

Angalia huo mwaka vizuri. 1933 ulikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia. Viwanda vilifungwa, watu wenye ujuzi wao walipanga foleni ya supu. Ina maana Williamson alitoka chuoni na cheti kikubwa kabisa katika wakati mbaya kabisa wa kutafuta kazi. Kwa hiyo wewe unayedhani kizazi chetu ndicho cha kwanza kutembea na vyeti kwenye bahasha, pole, wametutangulia.

Kazi aliipata mbali, Afrika. Alianzia Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaja Tanganyika na kampuni iliyokuwa ikitafuta almasi na dhahabu. Almasi zilikuwa zimeshajulikana Mabuki, upande wa Mwanza, ila hazikuwa za kutajirisha mtu. Kampuni ikapiga hesabu zake, ikaona hailipi, ikaamua kuacha. Yeye akabaki.

Hapo ndipo wengi wanasema alikuwa na bahati, au kichaa kidogo. Mimi naona hapo ndipo shahada ilipofanya kazi yake, na naomba mnivumilie nieleze kidogo.

Mtu asiyesoma miamba akiokota almasi kwenye kokoto, anachimba palepale alipookotea. Zikiisha, anahama. Mwanajiolojia anauliza swali jingine: hili jiwe limetoka wapi? Anajua almasi hazizaliwi kwenye kokoto. Zinatengenezwa chini sana, zaidi ya kilomita 150 ndani ya dunia, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, halafu zinapandishwa juu na mlipuko wa volkano kupitia bomba la mwamba uitwao kimberlaiti. Mvua za mamilioni ya miaka zinasaga kichwa cha bomba hilo na kusambaza mawe mbugani. Kwa hiyo anafuata vipande vidogo vinavyosafiri pamoja na almasi, kama madini ya ganeti na ilmenaiti, ambavyo mtu mwingine angevitupa. Anachukua mchanga, anaosha, anahesabu, anaandika kwenye daftari, anasogea, anarudia. Hiyo si bahati jamani. Ni kazi ya kuchosha ambayo mtu hawezi kuifanya miaka mingi kama hana sababu ya kuamini kwamba chini ya mbuga ile kuna kitu.

Fedha zilimwishia. Malaria ilimpiga mara kwa mara. Aliyemwokoa ni wakili wa Mwanza mwenye asili ya India, Iqbal Chand Chopra, aliyemsaidia kwa fedha na baadaye akawa mwenye hisa. Na waliochimba mashimo ya majaribio na kuosha mchanga pamoja naye ni wafanyakazi wa huku huku, ambao vitabu vingi vinawapita kimya. Nawataja kwa makusudi: hakuna daktari wa falsafa aliyewahi kuchimba mbuga ya Usukuma peke yake.

Machi 1940, miaka saba baada ya uzamivu, wakapata Mwadui. Ukubwa wa bomba lile la kimberlaiti ni karibu hekta 146, yaani kama viwanja 200 vya mpira. Hata leo linatajwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani yaliyowahi kuchimbwa kwa faida.

Baada ya hapo hadithi inakwenda mbio. Ukajengwa mji mzima, wenye shule, hospitali na uwanja wa ndege. Akagombana na De Beers kuhusu bei, na kwa muda akakataa kuwauzia. Mwaka 1947 ikapatikana almasi ya waridi ya karati 54.5, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilipokatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia kwenye bruchi ya umbo la ua.

Hakuoa. Saratani ya koo ilimuua Januari 1958, akiwa na miaka 50. Mwaka huohuo ndugu zake waliorithi wakauza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Wale wale aliogombana nao.

Mimi maisha haya yananifanya niwaze mfano wa hazina iliyofichwa shambani. Yule mtu wa Injili aliona hazina kwanza ndipo akauza vyote. Williamson aliuza ujana wake kabla hajaona chochote. Napenda uvumilivu wake, nakiri. Lakini siwezi kusema alikuwa na jibu la hiyo yote ni kwa ajili ya nani. Jiolojia ilimfundisha kutafuta asili ya jiwe. Hilo swali la pili haliko kwenye mtaala wake, na si kosa la jiolojia.

Kuna mwingine aliyeyaweka maswali yote mawili pamoja: Mwenye Heri Nicolaus Steno, Mdenmaki, ambaye mwaka 1669 aliandika kanuni kwamba tabaka la chini la mwamba ni la zamani kuliko la juu yake. Kila mwanafunzi wa jiolojia anaanzia hapo. Alikuja kuwa padre, kisha askofu, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1988. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema sayansi inaua imani, muulize kama anamfahamu huyu.

Sasa nirudi kwa dada mmoja wa Geita aliyeniuliza swali hili kwa uzito. Ana shahada ya kemia. Anataka kuendelea na uzamili achunguze zebaki, ile ambayo wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu halafu wanaichoma kwenye kikaango, wakati mwingine jikoni, watoto wakiwa pembeni. Moshi wake unaharibu neva, na mama mjamzito anampitishia mtoto tumboni. Nyumbani wanataka afungue duka la vipodozi.

Dada, wewe tayari una swali, na Williamson alichokuwa nacho mfukoni miaka yote ile hakikuzidi hapo. Asiye na swali, anayekwenda uzamili kwa sababu tu ajira imekosekana, ningemwambia asubiri kwanza. Miaka miwili mingine itapita na atasimama palepale akiwa na deni. Lakini wewe usisubiri. Kijana wa Shinyanga wa mwaka 1940 asingeweza kusomea haya nchini mwake, chuo kikuu hakikuwepo mpaka 1961. Leo kuna Dar es Salaam, kuna Dodoma, kuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha inayopokea watu wa shahada za juu za sayansi. Mwandikie mwalimu mmoja, mweleze zebaki ya kijijini kwenu kwa kurasa mbili, umuulize kama kuna mradi wenye ufadhili. Na wazazi waambie ukweli kuhusu miaka: usiwaahidi gari. Duka la vipodozi mdogo wako analiweza.