Turner, mchoraji wa ziwa tulivu na meli ya watumwa

Asubuhi mapema, mbele ya jua kutoka, Lualaba inanyamaza. Ukungu unalala juu ya maji, na mtumbwi unaovuka kuelekea Alunguli unaonekana kama kivuli tu. Mwingereza Joseph Mallord William Turner alipenda sana kuchora saa kama hiyo.

Alizaliwa London mwaka 1775. Baba yake alikuwa kinyozi, na picha za mtoto alizitundika dukani ili wateja wanunue. Lakini nyumbani hakukuwa na utulivu. Dada mdogo alikufa angali mtoto. Mama aliugua akili, akapelekwa hospitali mwaka 1800, akafa mwaka 1804. Kijana alikuwa amekwisha kuingia shule ya Royal Academy akiwa na miaka 14.

Picha zilimpatia makuta mingi. Mwaka 1805 aliweka pauni 100 katika shamba moja la ng'ombe kule Jamaica, ambako Waafrika walitumikishwa kama watumwa. Biashara ile ilianguka.

Miaka 35 kisha, mwaka 1840, Turner huyo huyo alionyesha picha ya meli ya watumwa katika dhoruba: anga nyekundu kama damu, na watu wenye minyororo wakizama. Wengi wanaiunganisha na meli Zong. Mwaka 1781 mabaharia wake walitupa baharini watumwa zaidi ya 130, juu ya kudai malipo ya bima. Wakaaji wa Maniema hawahitaji kuelezwa sana. Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko la Nyangwe, wafanyabiashara wa watumwa walipiga watu risasi, na wengi waliokimbia walizama ndani ya Lualaba.

Mwaka 1842 Turner alichora kwa rangi za maji ziwa Lucerne, kule Uswisi. Mlima Rigi umesimama katika kivuli cha bluu. Juu yake kuna nyota ya asubuhi, na maji yametulia kabisa. Ukiangalia haraka, ni amani tupu: usiku unaenda, mwangaza unakuja. Lakini angalia chini, mbele kabisa: mbwa wawili wanaruka majini na bata wanakimbia. Utulivu ule ni wa dakika moja tu, ndiyo maana una bei.

Turner alikufa tarehe 19 Desemba 1851, na picha zilizobaki mikononi mwake aliziachia taifa lake. Ile ya Rigi ilikuwa imekwisha kuuzwa. Ilipotaka kutoka Uingereza, raia wa kawaida walichanga feza, na mwaka 2007 ikabaki.

Maji ni yale yale. Yanabeba mtumbwi wa soko, yanabeba pia maiti. Mtu aliyechora ziwa lile tulivu alikuwa amechora hayo mengine kwanza.